Naenda Den Haag fildi ya wiki kumi, kwa wanasheria wa waathirika. Nianzie wapi?

BintiPangani aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu hapa Dar, kwetu Pangani. Wenzangu wengi fildi yao mwaka huu ni mahakama za Kisutu na Temeke. Mimi nilituma maombi nje kimyakimya, na Ijumaa nikajibiwa: wiki kumi kuanzia katikati ya Julai, Den Haag, Uholanzi, kwa wanasheria wanaowawakilisha waathirika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Nilipompigia mama alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Huko kuna watu wetu?" Sikuwa na jibu.

Hawalipi mshahara. Watanipa nauli ya tramu na chakula cha mchana. Anayenigharamia ni baba mdogo, ana boti mbili za uvuvi, ila fedha zake zinakaa kwenye simu na kwenye daftari. Akaunti ya benki anayo lakini haina mzunguko. Viza nitapata kweli? Chumba natafutaje nikiwa huku? Navaa ushungi, ofisini itakuwaje?

Lakini kinachoninyima usingizi ni kazi yenyewe. Kiingereza changu ni cha darasani, Kifaransa sijui hata salamu. Nimebakiwa na miezi miwili. Nisome nini nisiende kuwa mzigo?

Mtetezi_Dom alijibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nilikaa Den Haag miezi mitatu mwaka 2022 kwa kazi ya aina hiyohiyo, kwa hiyo naandika niliyoyaona.

Viza kwanza, maana ndiyo yenye kalenda. Wiki kumi ni siku 70, na viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo) ya muda mfupi hufika siku 90 ndani ya 180, inakutosha. Sheria inataka ombi lifike siku 15 kabla ya safari. Wewe usisubiri huko, tafuta miadi wiki hii. Pasi iwe hai miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, tiketi weka nafasi tu usilipe. Barua ya chuo iandikwe kwa uzito: unaendelea mwaka wa nne, masomo yanaanza lini. Afisa anatafuta kinachokurudisha nyumbani. Baba mdogo aanze leo kupitisha mauzo ya samaki benki, kila wiki kadiri yanavyopatikana, na aambatishe leseni za boti na kiapo kwamba anakugharamia. Fedha zikimwagwa kwenye akaunti juzi na ombi likaenda leo, zitaonekana za kuazima.

Jambo ambalo mimi sikuuliza likanigharimu: waandikie wenyeji wako uwaulize kama wamekuombea kibali cha kumpokea mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya. Huombwa na mwajiri kwenye taasisi yao iitwayo UWV, wewe huwezi kujiombea. Mimi nililigundua wiki mbili kabla ya kuondoka, safari ikasogea mwezi mzima.

Sasa kazi. Hofu yako ndiyo niliyokwenda nayo mimi. Nilichokikuta, ambacho darasani sikukisikia hata siku moja, ni kwamba Kiswahili kimejaa kwenye majalada yale. Kesi ya kwanza ya mahakama ile kufika kwenye hukumu, ya Thomas Lubanga, ilitoka Ituri, mashariki mwa Kongo. Hukumu ilisomwa tarehe 14 Machi 2012, na Julai mwaka huo akapewa miaka 14 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Bosco Ntaganda, vita hiyohiyo ya Ituri, alipewa miaka 30 mwaka 2019. Wapo mashahidi waliosimama pale wakasema kwa Kiswahili, mkalimani kibandani anageuza, na majaji wanasikia kilichotoka kwa mkalimani. Siku yangu ya nne msimamizi alinisogezea sauti na tafsiri yake akasema linganisha. Yaliyomo sitayasema kwa sababu nilitia saini. Nakwambia tu kwamba palikuwa na neno moja la mama mmoja ambalo Kiingereza kililipunguza nguvu, na mimi, mwenye Kiingereza cha Dodoma, ndiye peke yangu mle chumbani niliyelisikia. Niliandika nusu ukurasa kulieleza. Tangu siku ile sikujiona mzigo.

Kwa hiyo Kiswahili chako kiandae kama unavyoiandaa pasi. Tengeneza daftari la safu tatu: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa. Mtaani tunachanganya mtuhumiwa na mshtakiwa. Pale kati ya hao wawili kuna hatua nzima ya kuthibitisha mashtaka. Soma hukumu ya Lubanga. Ina karibu kurasa 600 na iko wazi mtandaoni bure. Usiimalize yote, anza na sehemu za ushahidi wa watoto. Kisha Ibara ya 68 ya Mkataba wa Roma, ule ulioianzisha mahakama hiyo, fungu la tatu, uisome mpaka uikariri, maana ndiyo inayowapa waathirika nafasi ya kutoa maoni na wasiwasi wao mbele ya majaji, na ofisi yako inaishi kwa fungu hilo. Malizia na amri za fidia na kazi ya Mfuko wa Waathirika. Huko ndiko utakapoona kwamba kushinda kesi na mtu wa kijijini kupata kitu mkononi ni safari mbili tofauti.

Na siri. Shahidi anayelindwa utamjua kwa namba. Usipige picha jalada, usisimulie kwenye kundi la familia, hata kwa mafumbo. Mtu anaweza kuuawa Bunia, kule Ituri, kwa maneno yaliyotoka Pangani.

Mama Nasra alijibu:

Mwanangu, mwambie mama yako watu wapo. Miye wa Tanga mjini, Ngamiani, nipo Den Haag mwaka wa kumi na nne huu.

Chumba ndio taabu ya mji huu, ni vichache na matapeli wamejua. Mpwa wangu alitumiwa picha za chumba kizuri akalipa amana ya euro 700, alipofika mlango ule ni wa kinyozi. Usitume hata senti kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani akakitazama. Bahati yako unakuja Julai: wanafunzi wanarudi kwao na wengi hupangisha vyumba vyao kwa miezi miwili. Angalia Delft na Leiden pia, ni karibu, toka Delft kuna tramu namba 1 inakuja mpaka Jumba la Amani na kupitiliza baharini Scheveningen. Ukipata anwani nitumie kwenye ujumbe wa faragha, nitaenda kuitazama mwenyewe Jumamosi.

Ushungi usikupe shida, mji umejaa Wamoroko, Waturuki, Wasomali. Jipange na sala. Julai jua linazama karibu saa nne usiku, Isha ni usiku wa manane na Alfajiri haikawii. Wiki ya kwanza utakuwa na macho mekundu, lala ukirudi kazini. Na saa zao mwanangu! Wakikwambia saa nane ni saa mbili yetu ya asubuhi, na wanamaanisha nane kamili. Kila miadi iandike kwa tarakimu, 08:00, 14:00. Wana maneno ya wazi pia, bosi atakwambia kazi hii si nzuri, irudie. Hakuchukii, kesho atakuletea kahawa.

Kwenye soko kubwa, Haagse Markt, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi unapata mihogo, bamia, ndizi za kupika, hata pilipili kali za Wasuriname. Kwenye begi usibebe nyama wala maziwa, vinakamatwa uwanja wa ndege. Samaki wakavu wanaruhusu. Koti la mvua lete, mwavuli upepo wa huku unaupindua.

Wa_Bukavu alijibu:

Dada, ninaongeza kitu kimoja juu ya ile daftari. Kiswahili cha kwetu, mashariki mwa Kongo, si cha Pangani. Utasikia "batoto", "bantu", usifikiri mtu amekosea, ni lugha yake. Na neno "kadogo": kwenu ni kitu kidogo tu, kwetu ni mtoto aliyebebeshwa bunduki. Mama akisema "walimufanya kadogo", hasemi habari ya kimo. Sikiliza redio za Goma na Bunia kila siku mpaka usafiri, sikio lizoee. Nina ndugu waliopita vita ile. Nafurahi kujua atakayesoma maneno yao atakuwa mtu anayeyasikia.

BintiPangani aliandika:

Ahsanteni mno. Kaka Mtetezi, ofisi wamenijibu leo asubuhi: kibali hawakuwa wamekiomba, wanaanza kesho. Bila wewe ningekwama. Baba mdogo amekwenda benki Tanga na kapu la risiti za barafu na mafuta ya boti. Daftari nimenunua, neno la kwanza nililoandika ni kadogo, na kaka wa Bukavu, nimelala nikisikiliza redio ya Goma. Robo nzima sikuielewa, nitarudia.

Mama Nasra, ujumbe wako nimemsomea mama wote kwenye simu. Safari hii hakunyamaza. Ameuliza tu dagaa unapenda wa kukaanga au wa kuchemsha, aanze kuanika.