Mliorudi kusoma ukubwani mkijipangia wenyewe, tupeane uzoefu

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, miaka 38, niliishia darasa la saba. Najiandaa na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, maana hapa Tanzania sisi ambao hatukupita sekondari lazima tufaulu mtihani huo wa Baraza la Mitihani ndipo tufanye wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Nilianza na kituo cha jioni. Mwalimu anajaza ubao, tunanakili, kipindi kimekwisha. Baada ya miezi mitatu daftari limejaa, kichwani hamna kitu. Nikatoka, nikajipangia: saa 10 hadi saa 12 alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, mada moja kwa wiki, halafu mitihani iliyopita. Hesabu za sehemu zilinitesa mno. Siku moja nakata kola, macho yakatua kwenye vile vistari vya inchi vya futi kamba. Nikachukua chaki ya kitambaa, nikaandika mezani 3/8 + 1/4, nikahesabu vistari: 5/8. Kumbe miaka yote ya ufundi nimekuwa nazijumlisha!

Kinachonikwamisha sasa ni Kiingereza. Baiolojia nikielezwa kwa Kiswahili naielewa vizuri, swali likija kwa Kiingereza naganda. Mliovuka hapo mlifanyaje?

*Dereva wa lori, Tunduma:*
Dada fundi, usianze na kamusi nzima. Chukua mitihani ya nyuma, toa yale maneno ya kuamrisha tu: taja, eleza, tofautisha, yanajirudia kila mwaka. Mimi niliyabandika kwenye dashibodi, nikawa nayasoma foleni ya mpakani. Ila kituo usikikimbie moja kwa moja, nenda hata Jumamosi ukaulize. Mimi nilisoma peke yangu mwaka mzima, nikakariri makosa.

*Mama mkulima, Nakuru:*
Huku Kenya masomo ya watu wazima tunayaita ngumbaru. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akitaka aisome Biblia mwenyewe. Nami nilikuwa na langu: kitabu cha chama chetu cha kuweka akiba. Kila mkutano nilisomewa hesabu yangu nikaweka dole gumba. Nilianza na miaka 51, na kitu cha kwanza nilichomwomba mwalimu anifundishe ni jina langu na tarakimu. Mwezi wa nne nikafungua kitabu, nikaona shilingi 500 zangu za Februari hazikuandikwa. Zikaandikwa mbele yangu.

*Fundi cherehani:*
Asanteni sana. Kaka dereva, Jumamosi narudi kituoni na maswali yangu 6 ya baiolojia, nimeshayaandika. Mama, ulikuwa unasoma saa ngapi na shamba likikungoja?