Sarara, sirloini, ribai au tiboni: ipi ina nafuu kwa anayehesabu kalori mgahawani?

Kalamu_na_Uma

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe steki za mgahawani kwa upande wa lishe, si wa utamu, maana kwenye utamu tutakesha. Kazi yangu ni ya kukutana na wateja mezani, na karibu kila menyu ninayoletewa ina majina yaleyale: sarara, ambayo wao huiandika fileti, gramu 200; sirloini, ya mgongoni, gramu 300; ribai, ya mbavuni, gramu 300; na tiboni, yenye mfupa, gramu 500 kwa wenye nafasi tumboni. Nafuatilia kalori na protini, na daktari ameniambia nipunguze mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kama ya siagi na ya nyama.

Kwa akili yangu naona sarara ndiyo jibu na mjadala umeisha. Ila programu ya simu inanichanganya. Sirloini hiyohiyo ya gramu 300 mara inaniambia ina protini gramu 63, mara gramu 84. Ipi niishike?

Mizani_Mkononi

Zote mbili ni sahihi mkuu, ila zinazungumzia vitu viwili tofauti. Gramu zinazoandikwa kwenye menyu kwa kawaida ni za nyama mbichi. Steki ikitoka motoni imeshapoteza maji na mafuta kiasi, karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo ile 300 inakufikia mezani ikiwa kama 225. Protini yenyewe haiendi popote, inabaki imesongamana kwenye nyama iliyopungua. Ndiyo maana gramu 100 za sirloini mbichi zina protini kama 21, na gramu 100 za iliyopikwa zina kama 28.

Sasa wewe ukichukua 300 ya menyu ukaizidisha kwa namba ya nyama iliyopikwa, unajiandikia protini gramu 84 wakati umekula 63. Mbichi ihesabiwe kwa jedwali la mbichi, iliyopikwa kwa la iliyopikwa, basi. Na uangalie jedwali limetoka wapi: sirloini ya Marekani ni kipande cha nyuma zaidi, karibu na paja, na huwa na mafuta machache kuliko kile ambacho Waingereza wanakiita sirloini.

Kwa makadirio, baada ya kupikwa na kabla jikoni hawajaongeza chochote:

Sarara ya 200: kalori kama 290, protini 42, mafuta 13 au 14.
Sirloini ya 300, ukiacha ule utepe wa mafuta pembeni ya sahani: kalori kama 415, protini 63, mafuta 18.
Sirloini hiyohiyo, utepe ukiula: kalori zinapanda hadi 520 hivi.
Ribai ya 300: kalori kama 640, protini 54, mafuta 47.

Wanga ni sifuri kwa zote. Namba hizi zinacheza kutegemea ng'ombe alilishwa nini na mchinjaji alikata vipi, kwa hiyo usizichukulie kama za duka la dawa.

Chuma_Kizito

Mimi ni ribai kila siku na sitetereki. Protini 54 kwa mlo mmoja, nani ananigusa? Hiyo sarara ni nyama ya kupigia picha.

Mizani_Mkononi

@Chuma_Kizito hakuna anayekunyang'anya sahani ndugu yangu. Ila tazama hesabu: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini ina 4. Kwenye ribai yako, kalori kama 420 kati ya 640 zinatoka kwenye mafuta. Kama shabaha ni protini, sirloini ya uzito uleule inakupa zaidi kwa kalori pungufu. Na kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, yaani mwenye kilo 70 anahitaji kama 56 kwa siku nzima. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi ya hapo, sawa, ila hata yeye hiyo ya ziada haipati kwenye mafuta.

Kuhusu mafuta yaliyoshiba ambayo Kalamu ameulizia: kwenye mafuta ya ng'ombe, zaidi kidogo ya theluthi moja hadi karibu nusu ndiyo hayo. Ribai moja inaweza kukupa gramu 20 hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Karibu umemaliza mgao wako wa siku kabla viazi havijafika.

Jiko_la_Nyuma

Nimesoma hesabu za Mizani, sina ugomvi nazo. Lakini nimepika steki za watu miaka mingi na naona mnahesabu ng'ombe mnamsahau mpishi.

Niwaambie kinachotokea kwa sarara. Ni msuli usiofanya kazi, laini sana, hauna mafuta ya kuupa ladha. Mpishi analijua hilo. Kwa hiyo nyama ikishapata rangi kwenye kikaango, tunatupia donge la siagi, vitunguu saumu vilivyopondwa na ubavu wa kisu, kitawi cha taimu. Siagi ikianza kutoa povu, unainamisha kikaango ijikusanye upande mmoja, unachota kwa kijiko na kuimwagia nyama juu, tena na tena, mpaka ing'ae. Nyingi inabaki kikaangoni, ni kweli. Halafu wakati wa kupakua, wengi wetu tunaweka kipande kingine cha siagi juu ya nyama kiyeyukie mezani mbele ya mteja. Hicho hakibaki kikaangoni. Kinaishia kwenye sahani na wewe unakifuta na kiazi.

Ribai haihitaji hayo yote. Ina mafuta yaliyotawanyika ndani, yanayeyuka yenyewe. Jikoni kwetu ribai iliwekwa chumvi ikachomwa juu ya wavu, na mafuta mengine yakadondokea motoni. Sarara ndiyo iliyolala kwenye siagi.

Kalamu_na_Uma

Hapo umenimaliza. Sasa hiyo siagi ni kalori ngapi?

Mizani_Mkononi

Kijiko cha mezani cha siagi, gramu 14, ni kalori kama 100, na mafuta yaliyoshiba gramu 7. Ukimeza vijiko viwili na sarara yako, 290 inakuwa 490. Imeishika ile sirloini uliyoikimbia na kuipita, na protini bado ni 42 tu.

Kwa hiyo jibu langu nalibadilisha mpangilio: kwanza uliza inapikwaje, ndipo uchague kipande.

Bi_Tatu

Na hamjataja sosi. Ile ya pilipili manga ni krimu. Ile ya Kifaransa ya rangi ya manjano, beyanezi, ni viini vya mayai na siagi iliyoyeyushwa, zaidi siagi. Mtu anaagiza sarara kwa ajili ya afya, anaigaragaza humo, kisha anaagiza chipsi. Gramu 100 za chipsi ni kalori kama 300, wakati viazi vya kuchemsha uzito huohuo havifiki 90. Steki inasingiziwa mengi ambayo ni ya majirani zake wa sahani.

Presha_Msafiri

Nyie wote mnaongelea kalori, mimi nina presha. Nani anahesabu chumvi?

Jiko_la_Nyuma

Swali zuri, na jibu halitakufurahisha. Nyama mbichi yenyewe ina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, kidogo sana. Karibu yote unayokula tumeitia sisi. Kipimo ninachokitumia ni asilimia moja ya uzito: nyama gramu 300, chumvi gramu 3. Inanyunyizwa kutoka juu ili isambae, nyingine inaanguka pembeni. Ukionja jikoni utaona ni ya kawaida, wala si kali. Juu ya hapo weka siagi, ambayo mara nyingi ni ya chumvi, na sosi iliyopikwa ikapungua moto ukiwa chini, na ikipungua chumvi yake inakolea.

Mizani_Mkononi

Gramu moja ya chumvi ina sodiamu karibu miligramu 400. Kwa hiyo hizo gramu 3 ni kama miligramu 1,200, wakati WHO inasema mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku, ambayo ni chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Na hapo mkate na chipsi havijahesabiwa.

@Presha_Msafiri kwako wewe tofauti ya sarara na ribai ni ndogo kuliko tofauti ya steki iliyotiwa chumvi na isiyotiwa. Omba ipikwe bila chumvi, uletewe pembeni. Ukinyunyiza mwenyewe juu ya vipande vilivyokatwa utaisikia upesi ulimini na utatumia kidogo.

Nuru_Asubuhi

Mimi nimeambiwa nina upungufu wa madini ya chuma na kila mtu ananisukumia steki. Inasaidia kweli au ni maneno tu? Na ipi ina chuma zaidi? Huwa naomba isiive sana ili ile damu isipotee.

Bi_Tatu

Dada, ile si damu. Damu ilishatoka machinjioni. Unachokiona ni maji ya msuli yaliyobeba mayoglobini, protini yenye rangi nyekundu. Kuiva zaidi kunabadilisha rangi yake, lakini chuma hakifi kwa moto. Kula unavyopenda kuiva, ila kama ni mjamzito au kinga ya mwili iko chini, iive vizuri.

Mizani_Mkononi

Inasaidia, ila si kwa wingi wa namba. Steki ya gramu 225 iliyopikwa ina chuma kama miligramu 5. Mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi anashauriwa miligramu 18 kwa siku, kwa hiyo sahani moja haitoshi. Faida yake ni kwamba sehemu kubwa ya chuma hicho ni cha aina ya hemu, ambacho mwili unakifyonza kwa urahisi kuliko cha maharage au mchicha. Chuma kiko kwenye msuli, hakiko kwenye mafuta, kwa hiyo gramu kwa gramu sarara na sirloini zinaizidi ribai. Zinki ni hivyohivyo. Vitamini B12 haina shida kwa kipande chochote: gramu 100 zinakaribia kukupa kipimo cha siku nzima, ambacho ni maikrogramu 2.4. Ila kama daktari amekuandikia vidonge, steki haichukui nafasi yake.

Chuma_Kizito

Na tiboni mmeikimbia? Gramu 500, hapo ndipo wanaume wanajulikana.

Jiko_la_Nyuma

Ndipo wanapojulikana kwa kuhesabu mfupa. Ule mfupa wenye umbo la herufi T unachukua sehemu ya tano ya uzito, wakati mwingine hata robo. Upande mmoja wa mfupa ni sirloini, upande mwingine mdogo ni sarara. Kwa hiyo kati ya 500 una nyama mbichi kama 400, ikishaiva 300. Bado ni nyingi. Waliokuja wawili huwa nawashauri waagize moja, niwakatie jikoni.

Bi_Tatu

Kwenye wingi hapo niongeze jambo moja. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri anayekula nyama nyekundu asizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki. Na mwaka 2015 kitengo cha saratani cha WHO, IARC, kiliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, chini ya nyama za kusindika ambazo ushahidi wake ni mzito zaidi. Tiboni moja usiku wa Jumamosi imekula karibu yote ya wiki. Pia zile sehemu zilizoungua nyeusi nazikata, sioni sababu ya kuzila.

Kalamu_na_Uma

Nawashukuru sana. Kwa hiyo naona sirloini bila utepe ndiyo yangu, na sarara siku nikihakikishiwa haina siagi. Menyu nyingine zimeandika kalori. Niziamini?

Mizani_Mkononi

Marekani migahawa yenye matawi 20 au zaidi inalazimika kuandika tangu Mei 2018, na England kampuni zenye wafanyakazi 250 au zaidi tangu Aprili 2022. Ni makadirio ya sahani ya kawaida. Soma maandishi madogo uone kama sosi na viazi vimo, mara nyingi vinaandikwa mstari wake. Mpishi mwenye mkono mzito wa siagi hayumo kwenye hesabu yoyote.

Kalamu_na_Uma

@Jiko_la_Nyuma nikimwambia mhudumu "bila siagi", jikoni mtanitukana?

Jiko_la_Nyuma

Hapana, tunapata maombi ya ajabu kuliko hayo. Ila usiseme "isiwe na mafuta", maana hapo kila mpishi ataelewa lake. Sema: ichomwe kwenye wavu, mafuta ya kupaka tu, siagi isiwekwe wala kikaangoni wala juu ya sahani, sosi pembeni. Na kama ni sarara, usiiombe iive kabisa. Bila siagi ya kuifunika inakauka upesi, na ikirudishwa jikoni kwa malalamiko kitu cha kwanza tutakachofanya ni kuimwagia siagi.