Mrejesho: Montecristo No. 5 kwenye unyevu wa Mombasa

Wakuu, niliuliza kama hii siga ndogo ya Kuba itawaka vizuri kwa hewa yetu ya pwani. Mmoja wenu alishauri niilaze kwanza kwenye chumba chenye AC ipungue unyevu. Shukran sana, moto ulikwenda sawasawa, haukula upande mmoja.

Ni fupi, milimita 102, lakini haitaki pupa: ukiivuta harakaharaka inapata joto na kuwa kali. Mwanzo nilipata mbao na kahawa, katikati utamu wa mbali wa kakao, mwishoni pilipili ikapanda. Kahawa chungu ya Mji wa Kale iliendana nayo; halua iliua ladha yote.

Naipa 7 kwa 10. Bei ndiyo imeinyima 8. Aliyejaribu Partagás Shorts, siga nyingine fupi ya Kuba, aniambie kama ni kali zaidi.