Tulilipia mwalimu wa mbwa kwa njia ya video, tukapewa video bila mwalimu

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nilinunua mafunzo ya utii wa mbwa yanayotolewa kwa video. Jina la waliouza silitaji hapa, wenyewe wanajijua. Tangazo lao liliahidi kwamba mwalimu atakuona wewe na mbwa wako kila wiki kwa kamera, atawasahihisha, na hatawaacha mpaka mbwa asikie. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa hela mfukoni. Video za kumfundisha mbwa kukaa zimejaa mtandaoni bure, sikuwa na sababu ya kuzilipia. Nililipia jicho la mtu anayewajua mbwa, limtazame mbwa wangu.

Nilichopata ni rundo la video zilizorekodiwa zamani, kundi la wanafunzi ambao maswali yao hayajibiwi, na sehemu ya kuuliza ambayo inarudisha maneno yale yale papo hapo, uulize nini uulize. Kipindi cha kamera kiliahirishwa, kikaahirishwa tena. Kilipofanyika tulijazwa wote kwenye skrini moja, kila mtu na mbwa wake, mwalimu akaongea peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mbwa wangu, Doa, nilikuwa nimemfunga kamba na kuielekeza kamera vizuri ili aonekane mwili mzima. Tulisubiri zamu yetu. Haikufika.

Na hizo video zina kasoro ambayo muuzaji mkweli angeisema kabla ya kupokea malipo. Mbwa anayeonyeshwa amekwisha fundishwa. Anaambiwa kaa, anakaa. Lala, analala. Njoo, anakuja mbio. Yuko kwenye chumba kitupu, hapiti mtoto, habweki mbwa wa jirani. Zile dakika ambazo mbwa hajaelewa anachotakiwa, anaruka, anatafuna kamba, anageuka kunusa sakafu, zimekatwa zote, na hizo ndizo ninazozihitaji mimi mwenye mbwa asiyejua kitu. Tena mbwa hachukui alichojifunza sebuleni akakihamishia getini bila kusaidiwa. Neno lile lile ni lazima alifundishwe upya ndani, uani, njiani, karibu na mbwa wengine, kila mahali akianzia kwenye hatua rahisi. Katika masomo yote niliyouziwa, jambo hili halikuguswa.

Ngoja niwaeleze kwa nini jicho la mwalimu ni kila kitu kwenye kazi hii, maana kuna watu watasema nilikuwa nataka kubembelezwa.

Kanuni yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1898 Edward Thorndike alichapisha majaribio ya paka aliowafungia ndani ya masanduku, akaonyesha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa. B. F. Skinner akaja kuichambua kanuni hiyo kwa undani kuanzia miaka ya 1930. Mbwa akikaa akapata kitu anachokipenda, atakaa tena. Hadi hapo hata video inatosha. Ugumu uko kwenye wakati. Zawadi, au ile sauti ya kumwambia umepatia, inatakiwa imfikie ndani ya sekunde moja hivi. Ukichelewa kidogo, mbwa ameshaanza kuinuka, na wewe umemlipa kwa kuinuka. Ukirudia hivyo kwa wiki kadhaa utakuwa na mbwa anayegusisha makalio chini na kuruka juu hapo hapo, halafu utamwita mkaidi. Kosa hilo mwenyewe hulioni, kwa sababu macho yako yako kwa mbwa na mkono wako unapapasa mfukoni. Anayeliona ni mtu wa pembeni. Mtu huyo ndiye niliyemlipia.

Kwa upande wa kukaa na kulala ningeweza kumeza hasara nikanyamaza. Kilichonifungulisha uzi ni hiki kinachofuata.

Doa alianza kunguruma mtu akimkaribia wakati anakula. Hakuwahi kuwa hivyo. Nikamrekodi, mwili mzima, mwanga mzuri, nikawatumia. Safari hii jibu lilitoka kwa binadamu, na afadhali lisingekuja: mbwa anataka kuwa mkubwa wa nyumba, mnyang'anye bakuli, mlaze chini kwa nguvu, mgandamize shingo, usimwachie mpaka alegee na kuangalia pembeni. Wakaambatanisha na video ya kuonyesha namna ya kufanya.

Niligoma. Na nawaomba nyote mliopewa maelekezo hayo mgome.

Hadithi ya mbwa anayepigania ukubwa ilitokana na mbwamwitu waliofugwa. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliowekwa pamoja ndani ya uzio na wakawa wanagombana. Mtafiti wa Marekani, L. David Mech, aliieneza dhana hiyo ya mbwamwitu mbabe kwenye maandishi yake ya mwaka 1970. Baadaye Mech huyo huyo akaenda kuwafuatilia mbwamwitu wa porini katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, msimu baada ya msimu, na mwaka 1999 akachapisha alichokiona: kundi la porini kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao, na wanaoongoza wanaongoza kwa kuwa ni wazazi. Mtu aliyeieneza dhana ameikana mwenyewe. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kupinga mafunzo ya kumtawala mnyama kwa ubabe, na mwaka 2021 kikapendekeza mbwa wote wafundishwe kwa njia za zawadi. Anayeuza mafunzo leo na bado anafundisha kugandamiza shingo amekataa kusoma mambo ya kazi yake mwenyewe.

Na wala si suala la huruma peke yake, ni hatari kwa watu. Kunguruma ni onyo. Mbwa anakwambia: hapo ulipo usisogee. Kabla ya kunguruma alishatoa maonyo madogo ambayo wengi hatuyatambui: amejilamba midomo wakati hakuna chakula, amepiga miayo bila usingizi, amegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, amekakamaa mwili mzima kwa kitambo kifupi. Ukimwadhibu kwa kunguruma, hofu yake inabaki pale pale, unachoondoa ni sauti. Siku ya siku atang'ata bila onyo, na watakaokuwa karibu na bakuli siku hiyo huenda wakawa watoto. Mwalimu aliyekaa mbele ya kamera yake, asiyejua nyumba yangu ina nani, anamwelekeza mtu asiyemjua amlalie mbwa mwenye hofu, uso wake ukiwa karibu na meno. Mtu akijeruhiwa, nani anawajibika? Niliwauliza. Hawakujibu.

Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha utafiti wa mbwa 92 waliotoka kwenye shule za aina tofauti. Waliofundishwa kwa vitisho na maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa somo, na homoni ya msongo iliyopimwa kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo kuliko ya wale waliofundishwa kwa zawadi. Wales ilishapiga marufuku kola za umeme, zile zinazompiga mbwa shoti shingoni, tangu mwaka 2010. Mambo haya yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na biashara hawa wanaifanya kwa intaneti.

Nilimpeleka Doa kwa daktari wa mifugo. Jino la nyuma lilikuwa limevunjika na fizi imevimba. Alikuwa anakula kwa maumivu, na kila anayesogea alikuwa anamuongezea wasiwasi. Kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba yote yanaonekana kwenye video ile niliyowatumia. Anatafuna upande mmoja. Anainamisha kichwa. Anadondosha tonge na kuliokota tena. Daktari aliitazama kwenye simu yangu na kuniuliza kuhusu meno kabla hata hajamfungua mdomo. Mabadiliko ya ghafla ya tabia kwa mbwa aliyekwisha kukua yanapelekwa kwanza kwa daktari, hilo ni jambo la kwanza kabisa kwa mwalimu anayejiheshimu. Hawa waliona ubabe, kwa sababu hawakutazama.

Nilipodai hela zangu nikaambiwa nimeshafungua masomo, kwa hiyo hakuna marejesho. Nikaandika kwenye kundi lao, kwa lugha ya heshima, kwamba maelekezo ya kugandamiza mbwa yaondolewe. Ujumbe ukafutwa, na mimi nikatolewa. Wakati huo huo mfumo wao ukanitumia cheti cha ukufunzi wa mbwa, chenye muhuri, kwa sababu nilijibu maswali ya kuchagua mwisho wa kila video. Mimi niliyeshindwa kupata mtu wa kumtazama mbwa wangu mmoja, nina karatasi inayosema naweza kufundisha mbwa wa watu wengine. Fikirieni wangapi wanayo na wameshaanza kupokea wateja. Hata Marekani na Uingereza sheria haimzuii mtu kujiita mwalimu wa mbwa bila leseni. Walau kuna vyeti vya kujitolea vyenye maana: baraza la CCPDT la Marekani, linalotoa vyeti hivyo, linataka mtu awe na saa zisizopungua 300 za kufundisha ndipo afanye mtihani wa ngazi ya kwanza. Saa 300 na mbwa halisi, si kubofya majibu.

NYONGEZA: Nimesoma mlichoandika chini. Wengi mnasema ndiyo malipo ya kutaka kufundisha mbwa kwa simu. Hapana wakuu, hapo sikubaliani, na naomba hasira yangu isitumike kuwaharibia walimu wa mbali wanaofanya kazi kweli.

Baada ya jino kutolewa nilipata mwalimu mwingine, naye pia kwa kamera. Kabla ya lolote alitaka barua ya daktari. Kisha akataka video za Doa akila, akipumzika, akipokea mgeni, na akazitazama akiwa nazo peke yake kabla hatujaonana. Kwenye kipindi aliniambia niiweke simu chini, usawa wa mbwa, na nivae spika za masikioni ili sauti yake isimchanganye Doa. Hakunihesabia wakati wa kutoa zawadi moja kwa moja, kwa sababu sauti kwenye mtandao inachelewa, na "sasa" yake ingenifikia mbwa ameshainuka. Alinifanya nifanye zoezi mwenyewe huku simu inarekodi, halafu tukaangalia polepole, akasimamisha picha: hapa mkono wako umetangulia neno, hapa umemwinamia ameogopa. Kwa bakuli tulianza mbali, pale ambapo Doa hakakamai. Napita, nadondosha kitu kitamu kuliko alichonacho, naondoka. Akikakamaa nimesogea mno, narudi nyuma. Leo nikipita anainua kichwa akisubiri kitu, mkia umelegea.

Kuna shida ambazo kwa kamera zinashughulikiwa vizuri kuliko ana kwa ana. Mbwa anayepagawa akiachwa peke yake huwezi kumwona akiwa peke yake kama mwalimu yuko sebuleni. Kamera inamwona, na mwalimu anakwambia urudi ndani kabla hajaanza kulia. Na mbwa anayeogopa wageni hafundishiki vizuri siku ya kwanza mgeni akiwa mbele yake.

Kwa hiyo aliyeniuliza anunue au asinunue: kabla ya kulipa, mtumie muuzaji video fupi ya mbwa wako na umuulize ameona nini. Akikuelezea mkao wa masikio, mkia, mdomo, na akakuuliza umri, afya na nani wanaishi humo ndani, endelea kuzungumza naye. Akikutumia bei, achana naye.

Kwa wale waliotuuzia, najua mnasoma hapa. Nataka mambo matatu. Rudisheni hela za kila mwanafunzi ambaye hakupata kipindi chake. Ondoeni ile video ya kugandamiza shingo, leo. Futeni vyeti mlivyogawa, changu kiwe cha kwanza. Na ninyi mlioelekezwa kama mimi, kama mmehifadhi ujumbe wao, wekeni hapa chini mkificha majina na namba zenu. Wangu naanza nao kwenye ujumbe unaofuata.