Nizwa na watoto: ngome na halua kwa siku moja?

Tutafikia Muscat, Oman, na watoto wawili. Siku moja Nizwa yatosha? Na halua tuibebeje?

— Yatosha. Ni kama kilomita 160. Ondokeni Ijumaa alfajiri mwahi mnada wa mbuzi. Ndani ya mnara wa duara wa ngome, wa karne ya 17, waonyesheni watoto matundu juu ya milango: adui alimwagiwa asali ya tende inayochemka! Ngazi zina giza na kona kali, washikeni mkono.

— Halua onjeni kwanza, sokoni hapo hapo chini ya ngome. Ya zafarani bei juu. Ipakieni kwenye sanduku la mizigo. Mkononi yaweza kuzuiwa kama majimaji. Msiiweke kwenye friji, wanga hukaza.

— Na kahawa chungu pembeni, jamani.