Naomba msaada: nimeuziwa "Silkie" lakini manyoya yao ni ya kuku wa kawaida

MamaVifaranga
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Kuku wa kienyeji nimewafuga tangu niko kwa mama yangu, ila hawa wadogo wa mapambo ndiyo mara yangu ya kwanza. Mwezi uliopita nilinunua jogoo na mitetea miwili, muuzaji akasema ni Silkie halisi, bantamu kabisa, yaani wale kuku wadogo wa kigeni. Nimewapenda mno. Nikitoka kazini naweka kigoda pembeni ya banda nakaa nao mpaka magharibi.

Sasa kila picha ya Silkie ninayoiona ina manyoya laini kama pamba. Wangu wana manyoya ya kawaida, meusi, shingoni yanang'aa kijani. Kichwani wana kishungi kidogo, na miguuni manyoya yameshuka mpaka vidoleni. Jogoo nimempima kwenye mzani wa dukani: gramu 900.

Mtetea mmoja ametaga mayai manane na sasa analalia, ukimsogelea anavimba. Je, hawa ni kuku gani? Nimwache alalie? Na chanjo ya kideri, tone zima si litawazidi kwa udogo huu?

JimbiLaPwani
Hongera dada. Manyoya ya miguuni na udogo huo vinanipeleka kwa Pekin, bantamu mwingine. Huyo ni wa duara, ukimtazama kwa mbali kama mpira unaobingirika. Ila Pekin hana kishungi, hapo ndipo ninapokwama. Tuwekee picha ya uso na ya miguu kwa karibu.

Kishingo_Moro
Mimi nasema tusikimbilie majina ya nje. Kuku mdogo si lazima awe bantamu. Hata huku kwetu kuna vibete, miguu mifupi, wanatembea tumbo karibu liguse chini, na hakuna aliyewaleta kwa ndege. Jina lenyewe bantamu limetokana na Banten, bandari ya kule Java, Indonesia, ambako mabaharia wa Ulaya walikuwa wakinunua kuku wadogo wa kula njiani. Halikuanza kama jina la aina moja ya kuku. Baadaye watu wakatengeneza vibete vya karibu kila aina kubwa. Wale ambao hawana ndugu mkubwa kabisa ni wachache: Sebright wa Uingereza mwenye manyoya yaliyozungushiwa mstari mweusi, Chabo wa Japani, Serama wa Malaysia ambaye wengi wao hawafiki nusu kilo.

Silkie_Arusha
Dada, acha rangi, acha manyoya. Leo usiku wakishalala chukua tochi ya simu, mshike mmoja mmoja, fanya mambo matatu. Hesabu vidole vya mguu mmoja. Puliza manyoya ya kifuani uone ngozi. Kisha tazama upanga na ndewe za masikio zina rangi gani. Usiku hawahangaiki, na utaona vizuri kuliko mchana.

MamaVifaranga
Nimetoka bandani sasa hivi. Jamani! Vidole VITANO kwa wote watatu. Cha tano kimeota nyuma juu ya kile cha kawaida, kimejipinda kuelekea juu, hakigusi ardhi. Manyoya ya miguuni yalikificha, mwezi mzima sijakiona. Ngozi ya kifua ni ya kijivu cheusi kama imepakwa masizi. Upanga wa jogoo ni mwekundu uliokolea hadi zambarau.

Silkie_Arusha
Basi jibu umelipata: vidole vitano na ngozi nyeusi ni alama za Silkie. Hao ni chotara, mzazi mmoja Silkie, mwingine kuku mdogo wa manyoya ya kawaida, huenda Pekin kama alivyosema JimbiLaPwani. Silkie akichanganywa, kidole cha tano hupita kwa watoto. Weusi wa ngozi nao hupita, ingawa mara nyingine hufifia. Lakini yale manyoya ya pamba hujificha. Ili yaonekane, kifaranga lazima ayarithi kwa baba na kwa mama pia.

Na hapa ndipo penye utamu. Kama jogoo na huyo mtetea wote wana mzazi Silkie, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne atatoka na manyoya ya pamba. Kwa mayai manane wanaweza kuwa wawili, anaweza asiwepo hata mmoja. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha. Subiri manyoya ya mbawa yachomoze: wa kawaida yatajipanga bapa, wa Silkie yatachanika kama nyuzi.

MzeeWaBanda
Mwanangu, mwache alalie. Ila mayai manane kwa mwili ule ni mengi, ya pembeni yatapoa. Mwachie matano au sita, yale safi. Vibete wengi hutotoa siku moja au mbili kabla ya 21, kwa hiyo kuanzia siku ya 19 usimsumbue. Chombo cha maji cha vifaranga kitie kokoto. Nimeona kifaranga cha kibete kikizama kwenye kifuniko cha ndoo.

Chanjo ya kideri, hiyo inayoitwa I-2, ni tone lilelile moja jichoni, awe kifaranga au jogoo wa kuchi. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Nimezika kuku wengi wa majirani kwa kideri, sipendi kuona mtu akiahirisha.

Masika ikianza, banda liwe na maranda makavu. Tope likiganda kwenye manyoya ya miguu, vidole vinaoza. Na wale wa pamba, ukiwapata, usiwaache mvuani. Manyoya yao hayachuruzishi maji, wanalowa mpaka kwenye ngozi.

MamaVifaranga
Shikamoo mzee, asante sana. Asanteni wote. Nimetoa mayai mawili yaliyokuwa na uchafu, yamebaki sita. Chanjo naifuata kesho asubuhi kabla ya kazi. Kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia siku ya 19, imeangukia Ijumaa. Mtetea amenidonoa mkono wakati nayatoa, na amerudi kuyakalia hata sijafunga mlango.