Vigae vya baraza vinaachia: nichanganye gundi nyeupe kwenye saruji?

Raskazone_Mjengo: Wakuu, heshima kwenu. Baraza langu la ghorofani hapa Tanga lina vigae vya poseleni vya 60 kwa 60, vilibandikwa kwa udongo wa kawaida wa saruji na mchanga. Upande wa jua la mchana vimeanza kuachia, ukivigonga vinalia mtungi. Vilivyong'oka migongo yake ni misafi, udongo wote umebaki chini. Fundi anataka kurudishia akichanganya gundi nyeupe ya maseremala kwenye maji ya saruji. Nimruhusu?

FundiMwiko: Usimruhusu, mkuu. Gundi ile ni PVA, ikilowa inalainika upya. Kwenye kabati sawa, kwenye baraza linalonyeshewa masika hapana.

Jibu liko kwenye hiyo migongo misafi. Poseleni hainywi maji, haivuki asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji hushika kwa kupenya kwenye vitundu na kugandia humo. Pasipo vitundu itang'ang'ania wapi? Hapo ndipo polima, yaani kitu cha jamii ya mpira au plastiki, inapohitajika. Yale maziwa ya SBR ya kwenye madumu ni chembe ndogo mno za mpira zinazoelea majini. Saruji ikishachukua maji yake na yaliyobaki yakikauka, chembe zinasongamana na kuungana kuwa utando katikati ya saruji. Utando unanata hata kwenye poseleni, tena unavutika kidogo kigae kikitanuka kwa joto. Ila usidhani udongo utabeba mzigo mkubwa zaidi, wakati mwingine nguvu ya kukandamizwa hata hushuka. Kinachopanda ni kushika na kustahimili kupinda.

Tatizo la mafundi wetu ni kipimo. Anamimina kikombe kwenye mfuko mzima, anasema ameweka dawa! Polima kavu huwa asilimia 10 hadi 20 ya saruji. Kama dumu ni nusu polima nusu maji, mfuko wa kilo 50 unataka lita 10 kwa uchache, na maji ya dumuni uyatoe kwenye maji ya kuchanganyia.

Raskazone_Mjengo: Lita 10! Si bora ninunue gundi ya mfuko? Na nimwagilie siku saba?

FundiMwiko: Kwa vigae, nunua ya mfuko, iliyoandikwa C2 na S1. C2 inashika angalau newtoni 1 kwa kila milimita ya mraba. S1 inapinda milimita 2.5 au zaidi kabla ya kukatika. Polima imo kama unga, pamoja na selulosi inayozuia maji yasikimbie mapema, maana tabaka jembamba juani hukauka saruji haijamaliza kazi. Madumu mimi nayatumia kuziba sakafu zilizobanduka.

Siku saba ni za zege. Udongo wenye lateksi, yaani yale maziwa ya madumuni, unautunza na unyevu siku moja au mbili, kisha unauacha ukauke, utando haujengeki ndani ya maji. Vigae vyako vitie kivuli tu.

Kokoto_na_Mchanga: Mwambie pia aache nafasi ukutani pote, aijaze silikoni badala ya saruji. Vikibanwa pembeni vitanyanyuka hata kwa C2.

FundiMwiko: Kweli kabisa. Na sakafu aikwangue vumbi kwanza.